Mrejesho: kompyuta za aina tofauti kwenye seva moja ya LTSP

Ndugu zangu, niliuliza kama kompyuta 14 za mezani za aina tofauti, tulizopewa shuleni kama msaada, zinaweza kutegemea seva moja ya LTSP, yaani mfumo wa Linux unaoziwezesha kompyuta kuwaka kupitia mtandao bila kutumia diski zake zenyewe. Nawashukuru sana, kwani sasa zote zinawaka. Tatu, ambazo kadi zake za mtandao hazina PXE (uwezo wa kuwasha kompyuta kupitia mtandao), ziliandika tu kwamba hakuna diski, hadi tulipoziwasha kwa flashi yenye iPXE, programu inayofanya kazi hiyo hiyo. Video bado zinakwama, kwa kuwa mashine zote hugawana njia ya seva ya megabiti 100 kwa sekunde, hivyo naona swichi ya mtandao ya gigabiti (kasi mara kumi ya hiyo) itangulie kununuliwa. Jana mwanafunzi aliyeanza insha kwenye mashine ya dirishani aliimalizia kwenye ile ya mlangoni, kwa kuwa kazi huhifadhiwa kwenye seva.