Kengele ya supamaketi ikilia na risiti unayo, mlinzi ana haki ya kupekua mfuko?

Kapu Jekundu: Wakuu, tujadili hili. Mtu kalipa, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, iko mkononi, anafika mlangoni kengele inalia. Mlinzi anachukua mfuko, anamwaga vitu mezani mbele ya foleni nzima, anakuta kila kitu kimelipiwa, anasema "nenda". Pole hakuna. Kila siku tunahimizwa "ukinunua dai risiti". Sasa mlangoni ina kazi gani?

Fundi Antena: Mkuu, geti halijui risiti. Linasikiliza stika ya kuzuia wizi tu. Kuna geti za megahezi 8.2, stika yake ni karatasi ya mraba yenye koili ya alumini ndani. Kuna za kilohezi 58, stika yake kijiplastiki cheupe chenye vipande vyembamba vya chuma vinavyotetema. Stika zote mbili zinauliwa, yaani zinazimwa, kwenye pedi ya kaunta: ya karatasi inaunguzwa, ya plastiki inaondolewa usumaku. Ikilia kwa mtu aliyelipa, mara nyingi kosa ni la keshia. Anapitisha bidhaa kama anagawa karata, juu mbali na pedi.

Dada Kaunta: "Kama anagawa karata"? Kaka, hapo umetudharau. Pedi anaifunga nani? Ni nyinyi mafundi mnaoiweka chini ya kaunta ya chuma, chuma kinazuia mawimbi, lawama kwetu. Halafu skana inataka msimbo wa mistari uielekee, na pedi inataka stika iwe chini. Chupa ya shampuu msimbo uko mgongoni, stika iko shingoni. Upitishe mara mbili kila chupa, foleni ya watu kumi inakutazama?

Wakili wa Mtaa: Turudi kwenye swali. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Ibara ya 13 inakataza hata mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, sembuse mteja mwenye risiti! Kengele si ushahidi wa wizi.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya, sheria ya ulinzi binafsi ya 2016 inampa mlinzi ruhusa ya kukupekua ukiingia na ukitoka. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, upekuzi wa mlangoni umekuwa kawaida.

Wakili wa Mtaa: Pale Westgate watu walikufa kwa risasi. Usilinganishe na stika ya shampuu.

Babu Ghala: Kumwaga vitu ni kutojua kazi. Mfuko ukiwa na bidhaa 16, gawa nane kwa nane, pitisha fungu moja getini. Lililolia ligawe tena. Mara nne tu umeipata, unairudisha kaunta ikauliwe, mteja kasimama pembeni kwa heshima zake. Na mlinzi aulize kwanza kama mtu katoka duka jingine. Bidhaa nyingi zinakuja na stika ndani ya boksi tangu kiwandani, duka la kwanza halina pedi, kelele inakuja kulia la pili. Hata bunda la waya wa umeme uliokunjwa linaweza kuliza geti la megahezi 8.2.

Fundi Antena: Dada, chuma nakubali. Pedi isifunikwe na bati. Lakini sikuongea kwa dharau. Na umeme nao: geti za kilohezi 58 zinaenda kwa mapigo ya umeme wa gridi. Ukikatika ikaingia jenereta, mapigo yanaweza kupishana, geti likalia bila mtu.

Dada Kaunta: Umekubali chuma, karata hujaifuta. Geti likilia bure kutwa nzima, mlinzi anachoka, anapungia kila mtu apite. Hapo ndipo mali inatoka kweli, na mwisho wa mwezi anakatwa keshia.

Wakili wa Mtaa: Kukatwa kuna masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Dada Kaunta: Nafasi ya kujieleza ipo kwenye karatasi tu. Unakuta pesa imeshakatwa.

Kapu Jekundu: Mmefika kwenye mishahara. Aliyemwagiwa vitu mezani mmemwacha wapi?

Fundi Antena: Kabla ya kumkata mtu, meneja apime. Kila asubuhi stika hai moja ipitishwe getini kwenye kifundo cha mguu, kiunoni na kifuani, ikilazwa na ikisimamishwa. Kisha stika 10 mpya zipite pedini, kimo cha chini kilekile keshia anachofundishwa, na zipelekwe getini. Hata moja ikilia, tatizo liko kwenye pedi, deni si la keshia. Na karata, dada, nimeifuta.