Naomba ushauri: beji ya askari wa mizinga, nitajuaje kama ni ya zamani kweli?

Wadau naombeni msaada, marehemu babu alikuwa askari wa mizinga, walipelekwa Burma 1944, na beji yake ya kofia ilipotea kitambo. Sasa kuna duka hapa Mji wa Kale nimeona moja ya Royal Artillery (jeshi la mizinga la Uingereza), shaba, ina mzinga wenye gurudumu, juu taji na utepe wenye neno UBIQUE (Kilatini, 'kila mahali'), muuzaji anaapa ni ya vita. Taji ni lile la mfalme la kabla ya Elizabeth, sawa, lakini tangu Charles ashike 2022 si wamelirudisha? Na imeng'aa mno, hata yale maandishi ya chini hayajalika. Nyuma niangalie nini? Na askari wetu wa huku walivaa hii hii ama walikuwa na yao? Mamangu ndo nataka nimpe, sitaki kumpa feki.