Tupeane uzoefu: tambi za Fukuoka (Japani), mgeni hukosea wapi?

Kijiti: Kuna picha ya bakuli la rameni, zile tambi za Kijapani kwenye supu, imefufua mambo. Mnaoijua Fukuoka, mwageni hapa.

SupuNzito: Mgeni hukosea kwenye kaedama, yaani tambi za nyongeza. Tambi za Hakata, huko huko Fukuoka, ni nyembamba, zinalainika upesi, kwa hiyo unapewa kidogo kisha unaongeza. Desturi hiyo ni ya mtaa wa Nagahama, penye soko la samaki, watu wa haraka. Sasa mgeni anakunywa supu yote, bakuli tupu, ndipo anaita "kaedama!" Zinaletwa tambi tupu, maana supu haiongezwi. Hapo hapo zinagandana donge moja na mpishi anamtazama. Bakiza theluthi ya supu, agiza ukibakiwa na matonge mawili ya tambi. Tambi mpya huja na maji yake, chumvi inapungua. Kibirika kilichopo mezani ni cha mchuzi wa soya wa kukolezea. Dondosha kidogo.

Kijiti: Kuna wanaodhani ni chai 😂

Mwanagenzi: Agizeni harigane, tambi ngumu kama waya.

SupuNzito: Usipotoshe watu, mkuu. Harigane inachovywa sekunde chache tu, katikati ladha ya unga. Bakuli la kwanza futsu (za kawaida), la nyongeza kata (ngumu kiasi).

Mwanagenzi: Futsu ni uji wa mgonjwa.

UkhtiZ: Na sisi tusiogusa kitimoto? Supu ile nyeupe kama tui ni ya mifupa ya nguruwe iliyotokota saa na saa.

Kijiti: Udon ya goboten, dada. Tambi nene laini, juu mzizi wa gobo uliokaangwa. Ila uliza kama mchuzi una mirin, ni pombe ile.

Bakulini: Udon ni ya Sanuki, kule Kagawa, bwana, hizo za Fukuoka zimelala!

UkhtiZ: Kaulize hekalu la Joten-ji, jiwe la kumbukumbu kwamba udon ilianzia hapo liko pale Hakata.

Mzururaji: Rudini kwenye mada. Mashine ya tiketi za chakula mgahawani: pesa kwanza, kitufe baadaye. Za zamani zinatema noti ya yeni 10,000, nyingine hata noti mpya za 2024. Beba za 1,000. Vibanda vya chakula vya mtaa wa Nakasu havina choo na viti havifiki kumi na mbili; nenda mapema jioni, kila mtu aagize chake, ukimaliza inuka.

Mwanagenzi: Inuka, ukale harigane kwingine.

SupuNzito: Huyu hasikii.