Siku 5 kwenye roboti halisi zinatosha kumfunza mwanafunzi wa uhandisi?

Mwanafunzi wa mwaka wa 3, uhandisi wa umeme:
Habari za kazi, wakuu. Nimezoea kupanga mienendo ya roboti katika programu ya kuigiza kwenye kompyuta, na karibu kila ninachopanga hukubali. Sasa nimepata nafasi ya mafunzo ya vitendo ya siku 5, yenye roboti ya mihimili 6 (mkono wenye viungo 6 vinavyozunguka) inayofanya kazi pamoja na PLC, yaani kompyuta ndogo ya kiwandani inayoongoza mitambo. Je, zitanipa jambo ambalo kompyuta haijanipa?

Fundi wa mitambo:
Nenda, mdogo wangu. Kwenye kompyuta kihisi hakishiki vumbi wala waya haulegei. Nilipoanza kazi, mtambo wetu ulikuwa ukisimama ghafla mara chache kwa siku, nami nikaipekua programu ya roboti mstari kwa mstari bila kuona kosa. Kumbe roboti ilikuwa ikituma ishara ya kumaliza kazi kwa muda mfupi kuliko mzunguko mmoja wa PLC wa kusoma ishara, hivyo mara nyingine PLC ilipitwa nayo na kubaki inasubiri. Tulipoifanya roboti ishikilie ishara hiyo hadi PLC ijibu kwamba imeipokea, mtambo ukatulia. Waombe wakufunzi wakutegee hitilafu ya namna hiyo, uitafute mwenyewe.

Msimamizi wa maabara:
Naunga mkono, ila usalama uje kwanza. Swichi iliyo nyuma ya kidhibiti cha mkononi ina hatua 3: roboti hutembea ukiibana kiasi tu, na husimama ukiiachia au ukiikaza kwa hofu. Hilo mkono hujifunza kwa kushika, hata kama mwendo wa majaribio umewekewa kikomo cha milimita 250 kwa sekunde. Pia upime ncha ya kifaa kilichofungwa kwenye mkono wa roboti kwa kuifikisha kwenye nukta moja kutoka pande 4 tofauti, kisha ukizungushe kifaa hicho. Ncha ikihama kwenye nukta, rudia, kwa sababu kila kipande utakachoshika baadaye kitabeba kosa hilo. Kabla ya kulipa, uliza ni wanafunzi wangapi watakaotumia roboti moja. Wakiwa 10, wengi wao watakuwa watazamaji.

Muulizaji:
Nashukuru sana, wakuu. Nimeuliza, nikaambiwa ni watu 3 kwa kila roboti, na hitilafu za kutegwa zimo katika siku ya 4. Nimejiandikisha.