Grove Street ya GTA V ndo ile ile ya San Andreas?

Wakuu, jana nimepita mtaa wa Grove Street kwenye gemu la GTA V nikakuta vijana waliovaa zambarau wananimiminia risasi, moyo umeniuma maana kwenye GTA San Andreas ya 2004 pale ndo nyumbani kwa CJ, yule unayemchezesha. Walifanya makusudi?

— Makusudi kabisa mkuu. Hao ni Ballas, genge pinzani la genge la CJ, wameuteka mtaa. Asiyecheza ya zamani anapita tu.

— Mi naona kwa kukurudisha sehemu za gemu la zamani, Metal Gear Solid 4 haina mpinzani, sura ya nne unaanza uko Shadow Moses, kisiwa cha Metal Gear Solid ya kwanza, kwa grafiki zile zile za PS1 za 1998, unacheza kabisa, kumbe ni ndoto, Snake, unayemchezesha, anaamka mzee ana mvi na helikopta inampeleka kisiwa kile kile. Halafu rafiki yake Otacon anakwambia badilisha CD, mara anakumbuka hii ni PS3, hamna cha kubadilisha 😭

— Red Dead Redemption 2 jamani. Unagongelea misumari nyumba ya John pale shambani Beecher's Hope, na kama ulimaliza Red Dead Redemption ya 2010, ambayo John ndo mhusika mkuu, unajua kitakachomkuta hapo hapo. Nilizima nikalala.