Mawe ya Chunya yamegoma VAT (matangi ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi), floteshini (kuelesha madini kwa povu) itasaidia?

Mwanzisha mada:
Wakuu, tangu tupite usawa wa maji mawe yamejaa pairaiti (madini ya chuma na salfa), na ukiyagonga nyundo yanatoa harufu ya kitunguu saumu. Maabara inasema gramu 2.5 za dhahabu kwa tani, VAT inatoa asilimia 35 tu. Tumesaga hadi mikroni (elfu ya milimita) 38, wapi! Tunapimaje floteshini kabla ya kununua mtambo? Na marudio (mchanga uliokwisha kupita VAT) je?

Jibu 1:
Harufu hiyo ni asenopairaiti, yaani pairaiti yenye aseniki. Kama kusaga zaidi hakujasaidia, dhahabu imefungwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa, kama pairaiti).

Chukua kilo moja, saga hadi asilimia 80 ipite mikroni 75, tia kwenye seli ya maabara ya lita 3 na maji lita 2.3. Chokaa usiguse, ikizidi inazamisha pairaiti. pH 7 hadi 8 yatosha. Weka mrututu (salfeti ya shaba), mililita 10 za myeyusho wa asilimia 1, koroga dakika 5. Zantheti ya amili (dawa ya kufanya salfaidi ishike povu) kipimo hichohicho (ndiyo gramu 100 kwa tani), dakika 3. Matone mawili ya mafuta ya msonobari, fungua hewa, kwangua povu dakika 12. Kausha, pima uzito, peleka maabara povu na mabaki, vyote viwili. Mfano: povu gramu 80 lenye gramu 27 kwa tani ni asilimia 86 ya dhahabu yote.

Zantheti ikorogwe siku hiyohiyo, kwenye maji yasiyo na asidi. Ya wiki iliyopita ni ya kumwaga.

Jibu 2:
Marudio ya VAT yana chokaa na mabaki ya sianidi, na sianidi nayo inazuia pairaiti isishike povu. Yaoshe kwanza, la sivyo utalaumu dawa bure.

Povu likiwa jeusi na kupaka vidole kama masizi, ni kaboni asilia, itakuibia dhahabu kwenye sianidi. Litoe mwanzo kwa mafuta ya msonobari pekee, kabla ya mrututu.

Jibu 3:
Mkuu, floteshini inakusanya tu. Makinikia yako (hilo povu lililokaushwa) bado yatagoma sianidi mpaka yachomwe, yasagwe hadi mikroni 10 hivi, au yaliwe na bakteria. Kuchoma kwenye tanuri la wazi sahau: moshi wake ni aseniki. Tafuta mnunuzi kwanza, umuulize anakubali aseniki kiasi gani.