Ongwen: mtoto aliyetekwa, kamanda aliyeteka. Tumweke upande gani?

Kibuyu Kikavu: Dominic Ongwen alitekwa na LRA, waasi wa Joseph Kony kaskazini mwa Uganda, karibu mwaka 1987, akiwa na miaka tisa hivi, njiani kwenda shule. Mwaka 2004 ndiye kamanda anayepeleka wapiganaji Odek, Lukodi na Abok, kambi za wakimbizi wa ndani, wengi wao Waacholi, kabila lake mwenyewe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ikamtia hatiani Februari 2021 kwa makosa 61 kati ya 70, na mojawapo ni kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15, kosa lile lile alilotendewa yeye. Huyu ni mhanga au mhalifu? Chagueni moja, msizungukezunguke.

Mama Sheria: Ukiuliza hivyo utakesha. Mahakamani kuna milango miwili. Wa kwanza ni hatia. Utetezi uligonga hapo kwa hoja mbili: ugonjwa wa akili na kushurutishwa. Ili shuruti ikubalike, sharti tishio liwe la kifo au la madhara makubwa mwilini, ulichotenda kiwe cha lazima kulikwepa, na usikusudie kuleta madhara makubwa kuliko unayoyakimbia. Majaji wakaona kuna makamanda waliotoroka, yeye alibaki akipandishwa cheo. Hoja ya akili nayo ikagonga mwamba, maana mtu anayepanga shambulio, anagawa vikosi na kutoa ripoti kwa redio si rahisi kumwita asiyejua atendalo. Jeshi la Uganda lilikuwa likizinasa redio hizo na kurekodi.

Mlango wa pili ni adhabu. Hapo utoto wake uliingia na ukasikilizwa. Waliowawakilisha wahanga waliomba kifungo cha maisha, mwendesha mashtaka miaka isiyopungua 20, utetezi 10.

Pilipili Kichaa: Wakampa 30 na sasa yuko Norway anakula samaki kwenye gereza lenye kipasha joto. Mama wa Lukodi anakula nini? Hiyo milango yenu miwili yote inafungukia Ulaya.

Mama Sheria: Ni 25, ndugu, si 30. Jaji mmoja kati ya watatu ndiye aliyetaka 30.

Pilipili Kichaa: 25, 30, samaki ni yule yule.

Kaka Mtulivu: Alihamishiwa Norway Desemba 2023 kwa sababu ICC haina gereza la kufungia waliohukumiwa. Pale The Hague, yaliko makao yake, ni mahabusu tu, nchi wanachama ndizo hujitolea kuwapokea. Na siku zake zinahesabiwa tangu 4 Januari 2015. Akimaliza theluthi mbili, miaka 16 na miezi minane, majaji lazima waangalie kama apunguziwe. Piga hesabu, ni Septemba 2031.

Pilipili Kichaa: Umenikasirisha zaidi kuliko nilivyokuja.

Mwana wa Bandarini: Shida ni Wazungu kuhukumu jambo wasilolielewa. Wangemrudisha Gulu akanyage yai, anywe ule mzizi mchungu, yakaisha siku moja.

Ladit Kwete: Siku moja? Nani kakudanganya? Umechanganya mila mbili za Waacholi zilizo tofauti kabisa.

Kukanyaga yai ni nyono tong gweno. Hiyo ni ya kumpokea aliyekaa mbali na nyumbani. Linawekwa yai bichi pamoja na kijiti cha opobo, mti wenye utelezi, na layibi, mti wa kunyanyulia paa la ghala la nafaka. Anakanyaga, anaingia. Haifuti damu ya mtu. Maelfu waliotoka msituni walikanyaga yai na hakuna mzee aliyesema deni limelipwa.

Mato oput, yaani kunywa huo mzizi mchungu, ni ya aliyeua mtu, na kunywa ndiyo hatua ya mwisho. Kwanza koo mbili zinakata mawasiliano, hazili pamoja wala kuoana. Wapatanishi wanakwenda na kurudi, inaweza kuchukua miaka. Aliyeua lazima akiri, aseme ilivyokuwa. Ukoo wake unachanga fidia, culo kwor. Ndipo wa muuaji wanaleta kondoo, wa marehemu wanaleta mbuzi, wanakatwa nusu kwa nusu na kubadilishana. Ndipo pande mbili zinapiga magoti, mikono nyuma, na kunywa kwenye kibuyu kimoja.

Sasa niambie wapi inakwama kwa Ongwen. Inataka muuaji anayejulikana, marehemu anayejulikana na ukoo unaojulikana. Kambi imeshambuliwa usiku na kikosi kizima, risasi ya nani ilimpata nani? Na ukoo upi wa mtu mmoja utachanga fidia ya Lukodi, Odek na Abok?

Mwana wa Bandarini: Mzee umeeleza vizuri, shikamoo. Lakini hoja ya Wazungu iko palepale.

Kaka Mtulivu: Haipo. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, naye alitekwa akiwa mtoto. Alishtakiwa Uganda, mbele ya majaji wa Uganda, Gulu hapo hapo. Agosti 2024 akatiwa hatiani kwa makosa 44, Oktoba akapewa miaka 40. Ukitoa 15 ya rumande inabaki 25. Na kuna aliyemzidi Kwoyelo cheo, Brigedia Kenneth Banya, aliyepata msamaha wa sheria ya mwaka 2000. Kama unatafuta pa kukasirikia, kasirikia hapo.

Mama Sheria: Nakubaliana na kaka. Ila Ladit, utetezi uliomba mato oput ihesabiwe kwenye adhabu ya Ongwen, majaji wakakataa.

Ladit Kwete: Na walifanya sawa. Oput hailazimishwi na jaji. Aliyefiwa asipotaka kunywa, hakuna wa kumnywesha.

Pilipili Kichaa: Basi tuzungumze pesa. Hiyo culo kwor ya The Hague ni kiasi gani?

Mama Sheria: Amri ya Februari 2024: wahanga wanaokadiriwa 49,772, kila mmoja yuro 750 za ishara, na juu yake miradi ya tiba na ya jamii. Jumla inapita yuro milioni 52. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mzigo unaangukia Mfuko wa Wahanga wa ICC, na mfuko unategemea nchi zitakazojisikia kuchangia.

Ladit Kwete: Kwa maana hiyo waliogeuka ukoo wake ni mataifa wahisani.

Pilipili Kichaa: Norway italeta kondoo?

Kibuyu Kikavu: Niliuliza mhanga au mhalifu. Mpaka sasa hakuna aliyejibu.

Pilipili Kichaa: Mkuu, tuko kwenye kondoo sasa.